Muvi Mbovu, au Flashi Mbovu? Maswali ya Wasomaji

Tuliomba wasomaji wa Dar watuandikie maoni yao kuhusu muvi walizoangalia karibuni. Zilizokuja nyingi ni lawama. Nyingine zina haki kabisa, ila nyingi zinamtwika mwongozaji mzigo wa sabufa, wa TV, au wa kijana wa kibandani anayekurushia muvi kwenye flashi. Tumechagua zile ambazo tatizo lake linaelezeka, na dawa yake ipo.

Muvi za Kimarekani za siku hizi zimenishinda. Waigizaji wananong'ona, unaongeza sauti, mara bunduki zinalia mpaka jirani anagonga ukuta. Nimeangalia tatu mfululizo, zote hivyohivyo. Nina TV ya inchi 43 na sabufa ya spika mbili. Hawa watu hawajui kurekodi? — Msomaji, Mbagala Rangi Tatu

Wanajua sana, ila walirekodi kwa ajili ya ukumbi, na wewe unasikiliza sebuleni. Sauti ya muvi hizi hugawanywa kwenye njia sita: mbele kushoto, mbele katikati, mbele kulia, mbili za ubavuni, na moja ya besi peke yake. Ndiyo ile 5.1 unayoiona kwenye jina la faili. Maneno ya waigizaji karibu yote hukaa njia ya katikati, muziki na milipuko husambazwa kwenye nyingine. Sasa kwako spika ya katikati haipo. Zile mbili ni kushoto na kulia, na lile boksi kubwa ni la besi tu. Kifaa kikikosea kuzichanganya njia sita ziwe mbili, ile ya katikati inapotea au inabaki kidogo, nawe unaachiwa milipuko na mnong'ono wa mbali.

Anza na mipangilio ya sauti ya TV. Tafuta sehemu ya sauti ya kidijitali inayotoka nje, uweke PCM badala ya Auto au Bitstream. Hapo TV yenyewe ndiyo itakayochanganya njia zote ziwe mbili kabla ya kuzipeleka kwenye sabufa. Kisha zima chochote kinachoitwa Surround au 3D, maana kwenye spika mbili kazi yake kubwa ni kuyatawanya maneno. Halafu shika kitasa cha besi ukirudishe katikati au chini ya hapo. Kinachofanya neno lieleweke ni konsonanti, nazo ziko juu, kuanzia hezi 1,000 hadi 4,000 na zaidi. Besi iliyofunguliwa mpaka mwisho inazifunika. Sabufa nyingi za mjini hapa zimetegwa kwa ajili ya singeli, mazungumzo ni mgeni.

Ukiangalia kwa laptopu, VLC ina kichujio cha sauti kinachoitwa Compressor. Kiwashe: kinashusha kelele kubwa bila kugusa ndogo, kwa hiyo unaweza kuongeza sauti ya jumla bila kumwamsha jirani. Ukimaliza yote hayo na bado mtu ananong'ona, basi mwongozaji kapenda iwe hivyo, na lawama zako zimfikie.

Picha inaenda vizuri, sauti hakuna kabisa. Muvi nyingine kwenye flashi hiyohiyo zinatoa sauti. — Gongo la Mboto

Yaelekea sauti ya faili hiyo imefungwa kwa mfumo wa DTS, na TV nyingi haziufungui kwa sababu mtengenezaji hakulipia leseni yake. Flashi haina kosa. Mwambie kijana wa kibandani akupe yenye sauti ya mfumo wa AAC, au aibadilishe sauti peke yake bila kuigusa picha. Kazi hiyo ni ya dakika chache. Akitaka kuibadilisha muvi nzima, mkatalie, picha itachakaa. Na wale wanaouliza kwa nini flashi ya GB 32 iliyo tupu inakataa muvi ya GB 5: flashi hiyo imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofika GB 4. Ifomati iwe exFAT au NTFS. Kumbuka kufomati kunafuta kila kitu, na TV za zamani nyingine hazisomi exFAT, kwa hiyo jaribu kwanza na muvi moja.

Nimeangalia muvi mpya ya Kibongo, hadithi nzuri, dada kacheza vizuri sana. Lakini kila wakibadilisha picha na sauti inabadilika. Kunguru analia, anakatwa, analia tena. Ni TV yangu au ni wao? — Mama wa watoto watatu, Sinza

Ni wao, mama. Masikio yako yako sawa.

Tazama inavyotokea. Mume na mke wanagombana sebuleni. Ugomvi huo haupigwi picha kwa mkupuo mmoja. Kwanza anapigwa picha mke peke yake, maneno yote mwanzo hadi mwisho. Kisha kamera inageuzwa, taa zinahamishwa, anapigwa picha mume. Katikati inaweza kupita saa nzima. Saa nne asubuhi kunguru walikuwa juu ya mwembe. Saa tano wameshaondoka na jirani kawasha jenereta. Mhariri anapozipanga mke, mume, mke, mume, kunguru anakatwa katikati ya mlio, jenereta inaingia, inatoka, inaingia. Jicho linakubali picha ibadilike ghafla. Sikio halikubali.

Dawa yake haina gharama. Kabla ya kuondoka kila eneo, wote wananyamaza, fundi sauti anarekodi sekunde 30 hadi 60 za chumba kilivyo, bila mtu kusema. Sauti hiyo ya chumba hutandikwa chini ya tukio zima kama mkeka, viungo vyote vikazibika. Ukisikia muvi ina mapengo ya kimya kikavu kati ya maneno, ujue hawakuirekodi.

La pili ni maiki. Iliyo juu ya kamera, mita tatu kutoka kwa mwigizaji, inaokota chumba kuliko inavyomwokota mtu. Kila umbali ukiongezeka mara mbili, sauti ya mtu inashuka kwa desibeli 6 hivi, huku kelele za chumba zikibaki palepale. Ndiyo maana maiki hufungwa kwenye fimbo ndefu ikashushwa mpaka nusu mita juu ya kichwa, nje kidogo tu ya picha. Ile ndogo ya kubana kifuani inafaa pia, ila chini ya kitenge kipya kisichofuliwa inakwaruza kila mtu anapopumua. Hubanwa kati ya vipande viwili vya plasta, kimoja kikishika mwili na kingine nguo, ili nguo isiisugue.

Halafu zipo nyumba zenyewe. Waandaaji wetu wanapenda sebule kubwa yenye marumaru, vioo na dari ya jipsamu, na sauti inagonga kila upande na kurudi kama mtu anaongea ndani ya tangi la maji. Zulia sakafuni na magodoro mawili yaliyosimamishwa nyuma ya kamera yanapunguza sana. Feni inazimwa. Friji linazimwa, na hapo kuna mtego: wakilisahau, nyama ya mwenye nyumba inaoza. Mafundi wazoefu huweka ufunguo wa gari ndani ya friji, maana bila ufunguo hakuna anayeondoka.

Kwa hiyo ukitaka kumjua mwenye kosa, sikiliza mikato. Sauti ikibadilika kila mkato, kosa ni la siku ya kupiga picha. Sauti ikiwa safi mno kwenye tukio la barabarani, na midomo haifuati maneno, basi walirekodi upya studio na aliyepachika hakuwa makini. Na muziki ukipanda ghafla katikati ya mazungumzo ya kawaida kabisa, kuna kitu wanakificha.

Shikamooni vijana? Naam. Kuna picha ya Kihindi niliiangalia ukumbi wa Avalon, ilikuwa ya saa tatu kamili, mapumziko ya katikati mbali. Mjukuu kanitafutia, naona ni saa mbili na dakika ishirini na tano. Na sauti ya mwimbaji naisikia nyembamba kuliko niliyoizoea. Au ni uzee? — Mzee, Upanga

Marahaba tunaikataa, mzee wetu, shikamoo. Si uzee, masikio yako yanasoma vizuri kuliko mashine.

Filamu ya ukumbini inakwenda picha 24 kwa sekunde. Mfumo wa televisheni uliotumika kwetu, PAL, unakwenda 25. Zamani, ili kuihamisha filamu kwenye kanda au DVD ya PAL, waliiendesha tu kwa kasi ya 25. Muvi ikawa fupi kwa asilimia 4, na sauti ikapanda kidogo, chini ya nusu toni. Mtu aliyeukariri wimbo kwa miaka arobaini lazima alisikie hilo.

Sasa piga hesabu. Dakika 180 zikiendeshwa kwa 25 zinakuwa kama 173. Zimepotea saba tu. Wewe umepewa 145, kwa hiyo dakika 28 nyingine zimekatwa na mkasi. Kwenye kopi za televisheni za picha za Kihindi, vinavyokatwa kwanza huwa nyimbo mbili tatu na yule mchekeshaji wa pembeni asiyehusika na kisa. Mwambie mjukuu atafute kopi ambayo urefu wake uko kati ya dakika 172 na 180. Chini ya hapo asipoteze bando.

TV mpya, muvi zote zinaonekana kama tamthilia ya bei rahisi. Hata zile nilizozipenda. Na ile mistari myeusi juu na chini niiondoeje? — Tabata Kimanga

TV yako inabuni picha ambazo hazikupigwa. Muvi ina picha 24 kwa sekunde, TV inaonyesha 50, 60 au zaidi, basi inajitungia za katikati ili mwendo uwe laini. Ule mguso wa sinema unakufa. Kwenye LG zima TruMotion, kwenye Sony Motionflow, kwenye Samsung Auto Motion Plus au Picture Clarity. Kama kuna Filmmaker Mode, chagua hiyo, inazima yote kwa pamoja. Siku ya Simba na Yanga unaweza kuirudisha. Kwenye mpira haina ubaya.

Na kwa kuwa umeulizia pia ile mistari myeusi juu na chini: iache. Muvi nyingi hupigwa kwa umbo pana, upana mara 2.39 ya kimo, wakati skrini yako ni mara 1.78. Picha inajaza robo tatu ya kimo. Ukiivuta ijae, unakata robo ya upana, na mara nyingi anayekatwa ni yule aliyesimama pembeni na kisu.

Maandishi ya chini kwenye tamthilia ya Kikorea yanawahi kuliko maneno. Yanaudhi. — Kigamboni

Kwenye VLC ya kompyuta bonyeza H kuyachelewesha, G kuyawahisha. Kila mbonyezo ni sehemu 50 kati ya 1,000 za sekunde. Kwa hiyo yakiwahi kwa sekunde mbili, ni mibonyezo 40 ya H. Kidole kitachoka lakini yatakaa.

Ila kwanza angalia mwanzo na mwisho wa kipindi. Yakianza sawa halafu tofauti ikazidi kukua, mpaka saa moja baadaye imefika dakika mbili na nusu, H na G hazitakusaidia. Hayo yalitengenezwa kwa kopi ya picha 25 kwa sekunde na yako ni ya 23.976, yaani karibu 24, au kinyume chake. Tafuta maandishi ambayo jina lake linafanana na jina la faili lako mpaka herufi za mwisho, au tumia programu ya bure ya Subtitle Edit, ina sehemu ya kubadili kasi hiyo.

Nimeangalia muvi ya baharini usiku. Giza lote linaonekana vibox vibox, na maji yanaganda. Faili ni la MB 700. Mbona muvi ya pesa nyingi inatengenezwa hovyo? — Manzese

Faili lako lilikuwa na ukubwa gani? Umeandika MB 700. Basi tuhesabu: MB 700 kwa saa mbili ni kama megabiti 0.78 kwa sekunde, picha na sauti pamoja. Diski ya Blu-ray inaruhusu hadi megabiti 40 kwa picha peke yake. Umeangalia sehemu moja ya hamsini. Uso uliotulia mchana unavumilia kubanwa hivyo, kwa sababu picha inayofuata inafanana na iliyopita na hakuna jipya la kuandika. Maji, mvua, moshi, majani yanayopeperuka na giza lenye vivuli vingi havivumilii, maana kila nukta inabadilika kila mara. Programu inakosa nafasi, inaanza kuchora miraba.

Kwa muvi ya saa mbili omba faili la GB 1.5 hadi 2 kama limebanwa kwa mfumo wa H.264. La H.265 linaweza kuwa nusu ya hapo na picha ikawa ileile, ila TV za zamani hazilisomi. Soma jina la faili kabla hujalipa: likiwa na CAM au HDTS, mtu amekaa ukumbini na kamera, utasikia watu wakicheka na kichwa cha mtu kitapita kwenda chooni. Hapo usitoe maoni yoyote kuhusu muvi, hujaiona. Ukitaka njia ya halali, Netflix kwa ubora wa HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa. Kwa simu, ukiweka kuokoa data, GB 1 inafika kama saa sita.

Na iliyopauka kama kanga ya kushindia? — Huyohuyo

Hiyo ni HDR, picha yenye mwanga na rangi zaidi ya kawaida, kwenye TV isiyo ya HDR. Jina la faili litakuwa na HDR, mara nyingi na 10bit karibu yake. Omba ya kawaida, SDR.

Nimeangalia Vuta N'kuvute. Nzuri, lakini mambo mengi ya kitabuni hayamo. Kwa nini waliyaacha? — Mwanafunzi, Ubungo

Kwa sababu ya saa. Kwenye uandishi wa filamu, ukurasa mmoja wa mswada huhesabiwa dakika moja. Filamu ya saa moja na nusu ina kurasa 90 hivi, nazo ni kurasa zenye nafasi nyeupe nyingi. Riwaya ya Adam Shafi ya 1999 ina safari, majirani na mazungumzo ya siasa yanayochukua sura nzima. Filamu ya Amil Shivji ya 2021 ilibidi ichague, ikashika zaidi mapenzi ya Yasmin na Denge na rangi ya Zanzibar ya miaka ya 1950. Mengine imeyasema kwa picha: ukuta, mwanga, mtu anayemtazama mwenzake bila kusema. Ukitaka kuilaumu, uliza kama ilichochagua kinajitosheleza. Na kama unaitazama ili ukwepe kukisoma kitabu kwa ajili ya mtihani, mtihani utauliza hayohayo yaliyoachwa.

Muvi ya Kikorea iliyotafsiriwa na DJ ilinichekesha mpaka machozi. Nikaitafuta halisi, imepooza, vichekesho vyenyewe havimo! Nani kaniibia? — Temeke

Hujaibiwa, umeangalia kazi mbili. Tangu enzi za kanda za Lufufu, yule mtafsiri maarufu wa muvi, mtafsiri wa Bongo hakuwahi kutafsiri neno kwa neno. Anasimulia, anatania, anambatiza adui jina la Kiswahili, anakutonya mapema kwamba steringi anasalitiwa. Kipimo chake ni rahisi: mwigizaji akisema maneno mawili na DJ akaongea sekunde kumi, hiyo si tafsiri tena, ni utunzi. Na utunzi mwingine ni mzuri kuliko muvi yenyewe, tuseme kweli.

Unachopoteza ni kimya. Sauti ya DJ hurekodiwa juu ya ile ya asili, ambayo hushushwa kila anapofungua mdomo, na zikishaunganishwa haziachani. Mlango unaofunguka taratibu, pumzi ya mtu kabatini, vyote vimefunikwa. Kwa hiyo ngumi na vichekesho, endelea na DJ. Ya kutisha au ya upelelezi, anza na halisi. Kisheria kutafsiri kunahitaji ruhusa ya mwenye kazi. Hilo limo kwenye Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, ingawa ukipita Kariakoo unaweza kudhani halijafika.

Nataka kumpeleka mchumba ukumbini, mara yangu ya kwanza. 3D au kawaida? Tukae wapi? — Kijitonyama

Kawaida. Skrini ya muvi ya kawaida hutakiwa iwe na mwanga wa kandela 48 kwa mita ya mraba. Kwa 3D kumbi hulenga 15 hivi, kwa sababu miwani inameza mwanga. Muvi yenye matukio mengi ya usiku mtabaki mnabahatisha nani kampiga nani. Miwani ya 3D pia, kwenye kumbi nyingine, inataka kichwa kiwe wima. Mchumba akikulalia begani, picha inakuwa mbili.

Kaeni katikati ya mstari, theluthi mbili ya njia kutoka kwenye skrini kwenda nyuma. Eneo hilo ndilo mafundi wanalopimia sauti. Mstari wa mbele unaumiza shingo, wa nyuma kabisa unapewa spika za ubavuni masikioni. Chagueni viti wakati wa kununua tiketi, msingoje mlangoni. Bisi nunueni kabla, ukitoka katikati utarudi umekosa tukio. Na mwambie abebe sweta au mtandio, kiyoyozi cha humo ndani hakijui kama nje ni Dar.